Mgeni njoo, mwenyeji apone? Hesabu ya samaki wa Ziwa Kitangiri

Hotuba ya Mweka Hazina katika Mkutano Mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu, Dar es Salaam



 

Najua kwamba Mweka Hazina akisimama katika mkutano huu watu huanza kutazama saa. Msiwe na wasiwasi. Taarifa ya mapato na matumizi imekaguliwa, mmegawiwa, na imechapwa katika kurasa za nyuma za kijitabu hiki. Sitaisoma mstari kwa mstari. Nimeomba dakika chache nizungumzie mstari mmoja tu wa bajeti, ule unaosema: "Ununuzi wa vifaranga vya sato kwa ajili ya malambo na Ziwa Kitangiri."

Mstari ule niliuandika mimi. Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikautetea, mkapiga makofi, mkachanga. Fedha ile iko benki, haijaguswa. Leo nasimama kuwaomba tusiitumie kwa kazi ile, tuihamishie kwenye kazi nyingine nitakayoieleza. Si jambo jepesi kwa mhasibu kurudi mbele ya waliomwamini na kusema kwamba alikosea kabla fedha haijatoka. Lakini ni rahisi kuliko kurudi baada ya kutoka.

Swali nililoulizwa Doromoni

Nilipokwenda nyumbani mwishoni mwa mwaka, nilipitia Doromoni, kata ya Tulya, nikatazame mahali ambapo vifaranga vyetu vingewekwa. Pale mwaloni nilikutana na mama mmoja mtu mzima anayenunua samaki kwa wavuvi, anawakausha na kuwapeleka minadani. Nilimwamkia, nikamweleza mpango wetu kwa furaha: kwamba chama cha watoto wao walioko mjini kitaleta samaki wakubwa, wanaokua haraka, kama wale wa Mwanza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Baba, hao wageni mkishawaleta, wakitushinda, mnajua namna ya kuwatoa?"

Nikamjibu kwamba wataalamu watajua. Akanyamaza, akaendelea kugeuza samaki wake juani. Njia nzima ya kurudi, kutoka Shelui tukipanda Sekenke, swali lile halikuniacha. Katika kazi yangu, mtu akileta hati ya malipo bila viambatisho tunamrudishia. Mimi nilikuwa nimewaletea ninyi mpango mzima bila kiambatisho kimoja. Basi nikaanza kusoma na kuwauliza wanaojua. Ninayowaambia leo ndiyo majibu ya lile swali.

Tulicho nacho

Tuanze na orodha ya mali, kama ilivyo desturi.

Kitangiri ni ziwa la kina kifupi. Linapokea maji ya mbuga ya Wembere, ambayo nayo inakusanya maji ya Manonga na vijito kutoka pande za Igunga, Nzega na kwetu. Likijaa, maji yanatoka kwa Mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi. Mvua zikikosekana linapungua, na kila mzee hapa anaweza kutaja mwaka ambao alishuhudia maji yakirudi nyuma na matope yakipasuka. Hilo ndilo ziwa letu: linapanda na kushuka, maji yake mara matamu, mara ya magadi.

Ndani yake kuna kambare, na kuna perege. Perege mmoja wa kwetu anajulikana kwa wataalamu kwa jina la Oreochromis amphimelas. Huyu hapatikani popote duniani isipokuwa Tanzania, katika maziwa machache ya chumvi na magadi ya ukanda wetu: Manyara, Eyasi, Kitangiri, na lile Ziwa Singidani ambalo kila anayeingia mjini Singida huliona. Ameumbwa kwa ajili ya maji haya. Chumvi inapopanda wakati wa kiangazi, yeye anavumilia. Katika orodha ya kimataifa ya IUCN amewekwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Najiuliza ni wangapi kati yetu tulisomeshwa kwa fedha ya samaki huyu bila kujua kwamba dunia nzima haina mwingine.

Jinsi mgeni anavyoingia

Sato tunayemzungumzia ni perege wa Mto Nile. Ni samaki mzuri kwa mfugaji, sina ugomvi naye. Anakua haraka, anakula karibu kila kitu, ana soko. Sifa hizo hizo ndizo zinazomfanya awe mgeni asiyeondoka.

Kwanza, uzazi wake. Sato jike huatamia mayai mdomoni, mamia kwa mamia, na vifaranga wakishatoka huwahifadhi humo humo kwa siku kadhaa. Maana yake jike mmoja katika ndoo moja anaweza kuanzisha ukoo mzima. Wauzaji hutuambia kwamba vifaranga ni vya dume tupu, havitazaana. Kazi ya kuvifanya viwe dume hufanyika kwa dawa katika chakula vikiwa vichanga, na aghalabu majike wachache huponyoka. Mhasibu anajua tofauti kati ya asilimia mia na karibu asilimia mia.

Pili, sato huzaana na perege wa jamii nyingine. Wenyeji hawafi wote kwa kuliwa. Wengine wanapotea kwa kuchanganyika damu, kizazi baada ya kizazi, mpaka siku moja unatafuta perege wa asili humpati, ingawa wavu umejaa samaki wanaofanana naye.

Tatu, maji yetu yanaungana. Mwaka jana niliwaambia kwamba vingi ya vifaranga vingewekwa kwenye malambo, siyo ziwani. Nilidhani hiyo ni salama. Lakini lambo likijaa wakati wa masika linamwaga maji kwenye utoro wake, maji yanaingia kijito, kijito kinaingia mbuga, na mbuga inakwenda Kitangiri. Lambo lililo juu ya ziwa ni mlango wa ziwa. Na kutoka Kitangiri kuna Sibiti, na mbele yake Eyasi, kwa wenzetu wa Karatu, Mkalama na Meatu ambao hatukuwauliza.

Hili si la kubuni. Mwaka 2018 na 2019 watafiti, wakiwemo Watanzania, walichapisha matokeo ya kupima perege katika mito, maziwa na mabwawa ya nchi hii. Walikuta sato wa Nile na mgeni mwenzake mmoja wameenea katika mabonde mengi ya mito, na chanzo kikubwa ni watu kuwapandikiza kwa makusudi kwa miaka mingi. Walioleta ndoo zile walikuwa watu wenye nia njema kama sisi.

Somo la Ziwa Victoria

Wengi wenu mnaishi au mmeishi Mwanza, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Zamani samaki wa heshima katika Ziwa Victoria alikuwa ngege. Nyavu na mashinikizo ya soko vikampunguza tangu enzi za ukoloni. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa wakati ule wakaleta sato ili kuziba pengo. Katika miaka hiyo hiyo na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaletwa sangara kutoka kaskazini, ili awale furu, samaki wadogo waliohesabiwa kuwa hawana thamani. Kwa muda wa miaka ishirini hivi hakuna aliyeona kitu kikubwa. Kisha katika miaka ya 1980 sangara akalipuka. Inakadiriwa kwamba aina zaidi ya 200 za furu zilitoweka, na ngege, ambaye sato alikuja kumsaidia, leo ni nadra sana katika ziwa kuu. Mabaki yake yako katika viziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Kenya, ambako mafunjo yalimzuia sangara asipite.

Nitakuwa mkweli kwa pande zote mbili za daftari. Sangara alileta viwanda vya minofu Mwanza na Musoma, fedha za kigeni na ajira, na wapo humu waliojenga nyumba kwa sangara. Lakini mizania ya Victoria haiwezi kuhamishiwa Kitangiri. Victoria ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Letu ni la kina kifupi, na kuna miaka linabaki kidogo. Kule hasara ya miaka ishirini ilifichwa na ukubwa wa ziwa. Kwetu hakuna pa kuificha.

Je, mgeni anatolewa?

Sasa narudi kwenye swali la yule mama. Nimekuta njia tatu ambazo watu wamezitumia duniani, na nimejaribu kuzipigia hesabu kwa ajili ya Kitangiri.

Njia ya kwanza ni kukausha. Kwenye bwawa la kuchimba inawezekana: unatoa maji, unaacha tope likauke kabisa, unaanza upya. Hata baadhi ya malambo yetu hukaushwa na jua lenyewe. Lakini ziwa halikaushwi kwa amri ya mkutano mkuu, na likikauka lenyewe mgeni na mwenyeji wanakufa pamoja, huku wachache wakibaki kwenye madimbwi ya Wembere wakisubiri mvua.

Njia ya pili ni sumu. Inayotumika sana huitwa rotenoni, inatoka kwenye mizizi ya mimea fulani. Wazee wanaifahamu bila jina hilo, kwa sababu mmea wetu wa utupa una sumu hiyo hiyo, ndiyo maana ulitumika kulevya samaki. Leo kuvua kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ni haki. Sumu haichagui. Inaua mgeni, inaua perege, inaua kambare.

Serikali zenyewe zimeitumia kwa uangalifu mkubwa, na matokeo ni haya. Afrika Kusini, katika Mto Rondegat, mwaka 2012 na 2013 waliwaondoa samaki wa Kimarekani waliokuwa wamewamaliza wenyeji. Walifanikiwa. Lakini kilikuwa kipande cha kilomita chache cha kijito, chini yake kukiwa na kizuizi cha kumzuia mgeni asirudi, na juu yake wakiwepo samaki wa asili wa kujaza upya. Marekani, katika Ziwa Davis huko California, waliweka sumu mwaka 1997 kumwondoa samaki mmoja mla wenzake. Maji ya mji wa jirani yakasimamishwa, wakazi wakakasirika, serikali ikalipa fidia ya mamilioni ya dola. Mwaka 1999 samaki yule akaonekana tena. Wakarudia kazi yote mwaka 2007. Hilo ni jimbo tajiri, na ziwa dogo kuliko letu. Sisi tungeweka wapi ng'ombe wa Wembere wakati maji yana sumu?

Njia ya tatu ni kuvua mpaka wa mwisho. Hii ndiyo iliyonivutia, nikafikiri vijana wetu wataiweza. Mfano bora niliouona ni Ziwa Crescent katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Mwaka 1995 waligundua samaki mgeni aitwaye kapu ameingia. Wakafunga ziwa kwa watu wote. Wakaweka wavu wa chuma mahali maji yanapotokea. Wakawafunga madume kadhaa vifaa vidogo vya redio na kuwaachia, ili wawafuate mpaka wenzao wanapokusanyika kuzaliana, kisha wakawavua huko. Waliondoa samaki zaidi ya 7,000, na wa mwisho alivuliwa mwaka 2007.

Ndugu zangu, hesabuni. Miaka 12, wafanyakazi wa kulipwa kila mwezi, kwa ziwa ambalo Kitangiri ni kubwa kuliko hilo mara kadhaa. Na Crescent lina mahali pa kuweka wavu. Sisi tutaweka wavu wapi, wakati Wembere ikifurika maji yanaenea mbugani mpaka macho yanachoka? Na nani atakwenda Doromoni kuwaambia watu wasivue kwa muda mrefu?

Kwa hiyo jibu la swali la yule mama ni hapana. Hatujui namna ya kumtoa, na wenye fedha kuliko sisi wameshindwa au wamelipa gharama ambayo hatuna. Maji yakimwagika hayazoleki. Katika uhasibu kosa husahihishwa kwa ingizo la kurekebisha. Ziwa halina ingizo la kurekebisha.

Hoja za wenzangu

Katika Kamati wapo waliopinga, na hoja zao ni za haki, nazijibu hapa hadharani.

Wa kwanza walisema: Serikali yenyewe inahimiza vizimba vya sato Ziwa Victoria, kwa nini sisi tukatae? Nasema, Victoria sato yupo tangu miaka ya 1950, hakuna mlango wa kufunga. Kwetu, kila ndoo mpya ni mzigo mpya. Na kupandikiza samaki katika maji ya asili si jambo la chama kujiamulia. Linahitaji ridhaa ya Idara ya Uvuvi, na mimi sikuwahi kuiomba kabla ya kuandika ule mstari.

Wa pili walisema: pengine wageni wameshaingia, kwa hiyo tunachelewa. Hilo linawezekana, na ndiyo sababu ya pendekezo langu la kwanza. Mtu akigundua ghala lina mwizi mmoja haachi mlango wazi kwa ajili ya wengine.

Wa tatu walisema: wananchi wana njaa ya kipato, sisi tunazungumza majina ya samaki. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Lakini wanaomtegemea perege wa Kitangiri ni wao, si sisi. Sisi huku mjini tukikosa, tunanunua kuku. Yule mama kule mwaloni hana mpango wa pili. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Tunaloomba mwaka huu

Kamati imekubali, kwa kura, kuwaletea mapendekezo haya badala ya ule mstari wa zamani. Mchanganuo wa fedha uko katika ukurasa wa bajeti.

Kwanza, kuhesabu kilichopo. Tuiombe Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, kwa kupitia Halmashauri, itume wataalamu Kitangiri na kwenye malambo yanayomwaga maji kuelekea ziwani, wavue na kutambua kila aina ya perege aliyemo. Chama kichangie usafiri, mitumbwi na posho za vijana wa kuwasaidia. Hakuna mkaguzi anayeanza kazi bila kuhesabu mali.

Pili, kufunga milango. Wenye mabwawa ya sato tayari tusiwagombeze. Tuwasaidie kuweka nyavu za macho madogo na changarawe kwenye matoleo ya maji, kuinua kingo zisizidiwe na mafuriko, na kukausha bwawa kabisa kila baada ya mavuno. Lambo la juu ya ziwa likikutwa na mgeni, lishughulikiwe kiangazi, maji yakiwa machache, kwa ushauri wa Afisa Uvuvi. Hapo ndipo kumwondoa mgeni kunawezekana kwa fedha yetu. Akifika ziwani, tumeshindwa.

Tatu, ufugaji wa samaki uendelee, lakini kwa kambare wa huku huku, katika mabwawa ya kuchimba yaliyo mbali na njia za maji. Vikundi vya akina mama vilivyokuwa kwenye orodha ya vifaranga vya sato havikatwi. Vinabadilishiwa samaki tu.

Nne, kuwaunga mkono walinzi wa ziwa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinafanya doria dhidi ya makokoro na sumu kwa vifaa duni. Tuwanunulie vifaa, na tuwape picha za kila aina ya samaki, ili mvuvi akiona mgeni ajue, atoe taarifa, asimrudishe majini wala kumhamishia kwingine.

Tano, na hili halina gharama: kila mmoja wetu anayesafiri kwenda nyumbani kutoka Mwanza, Shinyanga au popote, asibebe samaki hai kwenye ndoo wala dumu. Zawadi ya samaki iwe ya kukaanga.

Ndugu Mwenyekiti, tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeupenda tangu utotoni, na sisi watu wa Singida tunaujua kwa vitendo, mgeni kwetu huchinjiwa jogoo. Lakini mwenyeji hupona pale tu mgeni anapojua kurudi kwake.

Kikapu kinaanza kupita. Mwaka huu hamtaona picha ya lori la vifaranga katika kijitabu cha mwakani, na harambee bila picha ya lori ni ngumu, nalijua hilo. Mtaona taarifa ya kurasa chache yenye orodha ya samaki na idadi yao. Naomba mchangie hiyo kwa moyo ule ule. Nikirudi Doromoni nataka niwe na la kumwambia yule mama.